Kiti na Hisa: Miaka Sitini ya Wageni Wenye Mitaji Thika na Ruiru

Mwaka 1971 tume ya serikali iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, wakati huo Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, ilitoa ripoti kuhusu muundo na mishahara ya utumishi wa umma. Ripoti za namna hiyo kwa kawaida huzinduliwa, hupigiwa makofi, kisha hufungiwa kabatini. Hii haikufungiwa. Ndani yake mlikuwa na maelezo mafupi yaliyosema kwamba hakuna ubaya mtumishi wa serikali akimiliki mali au akifanya biashara, mradi biashara hiyo isigongane na kazi yake. Kuanzia hapo katibu mkuu angeweza kuwa na shamba la kahawa, mabasi mawili matatu, hata hisa katika kampuni ya kigeni, na kesho yake asubuhi aingie ofisini kutia saini leseni ya kampuni hiyo hiyo. Sharti la kutogongana liliandikwa vizuri. Wa kulisimamia hakuteuliwa.

Tume haikubuni tabia hii. Iliikuta ikiendelea, ikaivalisha suti. Na kama kuna mahali ambapo historia yake inaweza kusomwa kwa mpangilio, ni katika ukanda wa kilomita ishirini hivi kutoka Ruiru hadi Thika. Hapo kuna reli, kuna mito, kuna udongo mwekundu, Nairobi iko karibu, na Gatundu, nyumbani kwa Mzee Jomo Kenyatta, iko jirani. Huo ujirani wa mwisho haukuwa jambo dogo kwa mtu aliyetoka ng'ambo na pesa zake akitafuta wa kumfungulia mlango.

Tuanze na mananasi. Kiwanda cha Kenya Canners kilianzishwa mwaka 1948, enzi za walowezi, kusindika matunda ya Thika na kuyauza Uingereza. Baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, uliowaruhusu Waafrika wengi zaidi kulima mazao ya kuuza, wakulima wadogo wa Kikuyu nao walihimizwa kupanda mananasi na kuyapeleka kiwandani. Uhuru ulipokuja, kiwanda kilikuwa taabani: matunda yalifika kwa msimu, mengine mabichi, mengine yameiva kupita kiasi, na soko la nje halisubiri. Serikali mpya ikatafuta mgeni mwenye uzoefu. Mwaka 1965 kampuni ya California Packing Corporation ya San Francisco, yenye nembo ya Del Monte, ikakabidhiwa uendeshaji. Mwaka 1968 ikashika umiliki.

Wakati huo serikali ilikuwa imeshatandika mkeka. Sheria ya 1964 ya kulinda mitaji ya kigeni ilimhakikishia mwekezaji kwamba angeweza kutoa faida yake nchini, alimradi awe na cheti kutoka kwa Waziri wa Fedha. Sheria ya 1967 ya kudhibiti ardhi ya kilimo nayo ilikataza shamba kuuzwa au kukodishwa kwa asiye raia, isipokuwa Rais mwenyewe atoe msamaha. Ukiziweka sheria hizo mbili pamoja utaona jinsi mambo yalivyopangwa: pesa za mgeni zililindwa na saini ya waziri, na ardhi ya mgeni ilitegemea saini ya Rais. Sheria zenyewe hazikuwa na kasoro kubwa, na nchi changa ilihitaji mitaji. Ila zilimfanya mwenye kalamu kuwa mtu wa thamani sana. Mgeni mwerevu hakukawia kujua kwamba kabla ya kwenda kwa wakili, ni heri atafute rafiki.

Del Monte haikutaka kutegemea wakulima wadogo. Ilitaka mashamba yake yenyewe, kama ilivyozoea Hawaii, na Thika palikuwa na ardhi tele ya mkonge ambao bei yake ilikuwa imeporomoka. Mkonge ukang'olewa, mistari ya mananasi ikapandwa upande wa Thika na ng'ambo ya pili kuelekea Kandara na Gatanga, hadi shamba likapita ekari 20,000. Kufikia katikati ya miaka ya sabini karibu matunda yote ya kiwandani yalikuwa ya kampuni yenyewe. Mkulima mdogo, yule aliyetajwa katika hotuba kama sababu ya kumleta mwekezaji, alibaki na mananasi ya kuuza kando ya barabara.

Hapa ndipo mimi huona kiini cha jambo lenyewe. Serikali iliyokuwa imepigania ardhi ilikuwa na nguvu ya kumwambia mgeni: utanunua nusu ya matunda yako kwa watu wa hapa, la sivyo hupati shamba. Kenya ilifanya jambo la karibu na hilo kwa majani ya chai, ambako mkulima mdogo alijengewa KTDA mwaka 1964 na akafika mbali. Hakukosekana maarifa, basi. Kwenye mananasi hapakuwa na mkubwa aliyepoteza chochote mkulima mdogo alipoachwa nje, na wapo waliopata kwa jinsi mambo yalivyokuwa: ukurugenzi, zabuni za usafirishaji, kazi za ndugu na jamaa, michango ya harambee. Wakati ule kampuni kupeleka hundi kwenye harambee ya kiongozi lilikuwa jambo la adabu, na gazetini ilitoka kama habari njema.

Kisha yakaja magari. Mwaka 1974 serikali na British Leyland zilikubaliana kujenga kiwanda cha kuunganisha magari Thika, na mwaka 1976 kikaanza kazi. Serikali ilichukua asilimia 35 ya hisa. Mbia mwingine alikuwa Cooper Motor Corporation, ambayo baadaye ilijulikana zaidi kama CMC, iliyokuwa na uwakala wa Land Rover na Volkswagen.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Gari lilifika Mombasa likiwa limefunguliwa vipande vipande ndani ya masanduku ya mbao. Masanduku yakaletwa Thika, yakafunguliwa kwa nyenzo na nyundo, vipande vikapangwa, mafundi wakachomelea bodi, wakapaka rangi, wakafunga injini, wakaweka matairi, betri na vioo vilivyotengenezwa nchini. Huko mwisho ikatoka Land Rover ya polisi, lori la kubeba kahawa, au Kombi ya watalii ambayo baada ya miaka kumi ingekuwa matatu ya Gatundu. Watu wa Thika walijifunza ufundi wa kweli pale, na mpaka leo utakutana na fundi mzee wa Makongeni anayeeleza habari za Leyland kama mtu anayesimulia shule aliyosoma.

Ila swali lilikuwa bei ya sanduku. Aliyeuza vipande kutoka Uingereza ndiye huyo huyo mwenye hisa nyingi Thika. Akipandisha bei ya sanduku, faida inabaki kwao kabla gari halijaunganishwa, na kiwanda cha Thika kinaonekana kama kina faida ndogo ya kutozwa kodi. Mtu wa kumzuia alikuwa serikali. Nayo ilikuwa na hisa, ikapiga marufuku au ikabana magari yaliyoingia yakiwa kamili, na ikanunua sehemu kubwa ya magari yaliyotoka. Ilikuwa refa aliyevaa jezi ya timu moja.

Isitoshe, katika miaka hiyo hiyo kiliruhusiwa kiwanda cha General Motors Nairobi, kisha Associated Vehicle Assemblers Mombasa, kwenye soko ambalo lingelishwa na kimoja tu na kingekuwa na nafasi. Serikali ilikuwa na hisa katika vyote vitatu. Kila kiwanda kikaunganisha aina nyingi za magari, machache ya kila aina, kwa gharama kubwa. Wachumi waliandika mengi kuhusu hasara hiyo wakidhani ni kosa la mipango. Kwa macho ya siasa haikuwa kosa: kila mgeni alikuwa na wakala wake, na kila wakala alikuwa na mkubwa wake. Ukimnyima mmoja leseni umemkosea mtu. Ukiwapa wote, anayeumia ni mnunuzi wa lori, ambaye hana kiti katika baraza la mawaziri.

Tazama basi majina yanayozunguka CMC. Bruce McKenzie, mlowezi aliyekuwa Waziri wa Kilimo tangu uhuru hadi mwisho wa miaka ya sitini, alipotoka serikalini alikuwa mmoja wa wakubwa wa Cooper Motor. Alikufa Mei 1978 ndege yake ilipolipuka karibu na Ngong akitoka Entebbe kuonana na Idi Amin, na kifo chake kimewafunika watu macho wasiulize sana kuhusu biashara zake. Charles Njonjo alikuwa Mwanasheria Mkuu kuanzia 1963 hadi 1980. Jeremiah Kiereini alikuwa Katibu Mkuu wa Ulinzi, kisha mkuu wa utumishi wa umma hadi 1984. Wote wawili walikuja kuwa miongoni mwa wenye hisa wakubwa wa CMC, na Kiereini akawa mwenyekiti wake. Hakuna sheria iliyovunjwa kwa kununua hisa. Ripoti ya Ndegwa ilikuwa imeshasema ni halali.

Mengine yalijulikana mwaka 2011, bodi ya CMC ilipofarakana hadharani. Ilidaiwa kwamba kwa miaka mingi bei za magari yaliyoagizwa zilikuwa zikiongezwa, na ile ziada ikawekwa katika akaunti kisiwani Jersey kwa manufaa ya baadhi ya wakurugenzi. Uuzaji wa hisa katika soko la Nairobi ukasimamishwa, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikafanya uchunguzi na kuwachukulia hatua baadhi ya wakurugenzi, na mwaka 2014 kampuni yote ikanunuliwa na Al-Futtaim wa Dubai. Wenye hisa wadogo, walimu na wauguzi waliokuwa wameweka akiba zao CMC wakiamini wanakaa meza moja na wakubwa, walishindwa kuuza kwa muda mrefu.

Kiwanda cha Thika chenyewe kilikuwa kimeshabadili jina. Tangu 1989 kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakasitisha misaada mipya kwa serikali ya Rais Moi, wakitaka siasa ifunguliwe na uchumi ulegezwe. Siasa ikafunguliwa kidogo, masharti ya uagizaji yakalegezwa sana, na magari yaliyotumika yakamiminika kutoka Dubai na Japani. Viwanda vya nguo vya Thika vilipata kipigo kile kile kutoka kwa mitumba. Ni kinaya kinachostahili kutajwa: wafadhili waliokuja kupambana na ulaji wa wakubwa waliwaachisha kazi wafumaji na waunganishaji magari, na wakubwa wakahamia biashara nyingine. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba yao haikukatwa, ilihamishwa mti. Desemba 2016 Rais Uhuru Kenyatta alikuja Thika kuzindua uunganishaji wa Volkswagen Polo Vivo pale pale Leyland ilipokuwa.

Del Monte nayo ilipitia mikono mingi huko nje bila mtu wa Thika kuulizwa: kampuni ya sigara ya Reynolds, baadaye Waafrika Kusini, kisha mwaka 2001 Cirio ya Italia iliyokuwa chini ya Sergio Cragnotti, yule yule aliyekuwa mwenye timu ya soka ya Lazio. Cirio ilipofilisika, mwaka 2004 ikaingia Fresh Del Monte. Katikati ya safari hiyo kulitokea jambo la kufikirisha. Mwaka 1999 wanaharakati wa Italia, wakishirikiana na watetezi wa haki wa Kenya, walianzisha mgomo wa wanunuzi dhidi ya mananasi ya Thika kwa sababu ya dawa za kunyunyizia, mishahara na nyumba za vibarua. Kufikia 2001 kampuni ilikuwa imekubali mazungumzo na makubaliano na wafanyakazi. Kina mama wa Firenze waliokataa mkebe dukani walimfanyia kibarua wa Thika kazi ambayo wabunge wake hawakuifanya kwa miaka thelathini. Mbunge wa eneo hilo alikuwa na sababu ya kunyamaza. Kampuni ndiyo iliyotoa ajira, na orodha ya ajira ni kura.

Baadaye wanasiasa walipata sauti, ila kwa jambo jingine. Mikataba ya ardhi ilipokaribia kuisha mwaka 2022, shamba la mananasi likawa wimbo wa kampeni. Wakazi wa Kandara walikuwa wamedai kwa muda mrefu kwamba babu zao walifukuzwa hapo mwanzoni mwa ukoloni, na mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ikapendekeza ardhi ipimwe upya na ziada irudishwe kwao. Kampuni ikaenda mahakamani. Dai la wakazi lina uzito wake, wala si la kubezwa. Lakini fuatilia mikutano ya hadhara ya miaka hiyo: kila mgombea aliahidi kugawa ardhi hiyo, na karibu hakuna aliyesema ingegawiwa kwa utaratibu gani, nani angeshika daftari.

Ruiru ilichelewa kidogo kufikiwa na mchezo huu, kwa sababu Ruiru ilikuwa kahawa. Kahawa ilikuwa na bodi, na bodi ilikuwa na wenyewe. Kilichoibadilisha ni barabara. Kati ya 2009 na 2012 barabara kuu ya Thika ilipanuliwa kwa takriban shilingi bilioni 30, kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Exim Bank ya China pamoja na pesa za serikali. Kampuni tatu za Kichina zikagawana kazi, na Rais Mwai Kibaki akaizindua Novemba 2012. Ekari ya mibuni iliyokuwa ikihesabiwa kwa magunia ikaanza kuhesabiwa kwa viwanja.

Kabla hata lami haijakauka, mashamba ya kahawa yaliyokuwa ya Socfinaf, kampuni yenye asili ya Ubelgiji, yalikuwa yameingia katika mpango wa mji mpya, Tatu City, uliotangazwa mwaka 2010. Mwenye mtaji mkubwa alikuwa Stephen Jennings, raia wa New Zealand aliyejipatia jina kwa benki yake ya uwekezaji Moscow, na kampuni yake inaitwa Rendeavour. Washirika wa Kenya walikuwa pamoja na Vimal Shah wa Bidco, ambaye kiwanda chake cha mafuta ya kupikia kiko Thika, na Nahashon Nyagah, Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2001 hadi 2003. Gavana wa Benki Kuu aliandika ruhusa ya kufanya biashara mwaka 1971. Miaka arobaini baadaye gavana mwingine mstaafu alikuwa mshirika wa mgeni Ruiru. Mstaafu ana haki zote za kufanya biashara, na silitaji hili kama kosa. Nataja jinsi mgeni anavyochagua mshirika: hatafuti ajuaye kujenga, kwa sababu wajenzi atawaajiri.

Ndoa hiyo ilivunjika mapema. Wakenya walidai wageni wanaendesha pesa na madeni ya mradi kwa siri. Wageni wakadai Wakenya wanataka kuwapokonya ardhi. Kesi zikajaa katika mahakama za Milimani, Nairobi, mgogoro ukavuka bahari hadi kwa wasuluhishi wa London, na mradi ukakwama miaka kadhaa. Hata hivyo mji ulianza kujengwa. Mwaka 2017 ulitangazwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, maana yake kampuni zilizomo zinapata nafuu ya kodi. Zikaja shule, maghala, wachakataji wa kahawa, viwanda, nyumba za ghorofa.

Katiba ya 2010 ilikuwa imeshahamisha sehemu ya kalamu. Ardhi ya mgeni kwa jumla bado ni jambo la Nairobi, lakini ramani ya mji, vibali vya ujenzi na mabadiliko ya matumizi ya ardhi vikawa vya kaunti. Mwekezaji aliyekuwa amezoea kwenda Ikulu sasa alihitaji pia kwenda Kiambu mjini. Julai 2024 Rendeavour ilichukua hatua isiyo ya kawaida kwa wawekezaji, ambao kwa desturi hunung'unika chini chini: ilitoa taarifa hadharani ikimtuhumu Gavana wa Kaunti ya Kiambu, Kimani Wamatangi, kwamba alidai ekari 54, zenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 4, ili ramani mpya ya mji ipitishwe. Gavana alikana katakata. Msimamo wake ulikuwa kwamba ardhi inayodaiwa ni ya huduma za umma, shule na hospitali na mengineyo, ambayo sheria inamtaka mwenye mradi aitoe. Mambo yakahamia mahakamani.

Sina haja ya kuwaamulia mahakimu. Ninachoona ni kwamba madai yote mawili yanaaminika kwa mtu wa Ruiru, na hilo ndilo tatizo. Anajua wawekezaji hukwepa kutoa ardhi ya shule, kwa sababu amewaona wakifanya hivyo katika mitaa anayoishi. Anajua pia ardhi ya umma ina tabia ya kupata mwenyewe. Anayetaka kumtetea gavana hana daftari la wazi la kumwonyesha lililoorodhesha ekari zilizotolewa Kiambu na zilipo leo. Anayetaka kumtetea mwekezaji naye hana.

Kaunti hiyo hiyo ilikuwa imeshamzalisha Ferdinand Waititu, aliyeng'olewa ugavana na Seneti Januari 2020. Februari 2025 mahakama ilimtia hatiani kuhusu zabuni ya barabara za Kiambu ya shilingi milioni 588, baada ya kuthibitishwa kwamba mamilioni kutoka kwa mkandarasi yaliishia kwake. Alihukumiwa miaka 12 jela au faini ya zaidi ya shilingi milioni 53. Pesa zile hazikuwa za mgeni, zilikuwa za walipa kodi wa Kenya. Kosa mojawapo lilikuwa mgongano wa maslahi, lile lile ambalo tume ya 1971 ilitaja na kulipita.

Miezi hiyo hiyo Bunge lilikuwa likivutana kuhusu mswada wa mgongano wa maslahi. Rais William Ruto aliurudisha mara moja bila kuutia saini, akisema umedhoofishwa, kisha tarehe 30 Julai 2025 akautia saini. Sheria hiyo inamkataza afisa wa umma kufaidika na kandarasi za ofisi yake mwenyewe, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ndiyo iliyokabidhiwa kuisimamia. Miaka 54 ilikuwa imepita tangu ripoti ya Ndegwa. Benki ya Dunia nayo ilikuwa imeufanya mswada huo kuwa sharti mojawapo la mkopo wa dola milioni 750 ambao Hazina ilikuwa ikiusubiri.